Tochi ya kichwani ya bei nafuu kwa Meru na Ol Doinyo Lengai: nichukue ipi?

mpanda_pole

Wakuu, salaam kwenu.

Septemba tunapanda Mlima Meru, tuko wanne, na wiki mbili baadaye tunakwenda volkeno ya Ol Doinyo Lengai. Safari zote mbili sehemu ngumu ni usiku. Tochi ya simu siitaki: mikono nitaihitaji kwa fimbo na kwa miamba, na simu ikidondokea korongoni ndiyo imekwenda. Bajeti yangu ni Sh 60,000, tochi pamoja na betri. Ikizidi kidogo nitajibana, lakini laki sina.

Nimezunguka Kariakoo nikakuta aina tatu.

Ya kwanza ina lenzi ya kuvuta, kisanduku cha betri kiko kisogoni na waya unapita pembeni ya mkanda. Boksi linasema lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 20,000, na betri zake mbili zimeandikwa 9900 mAh (kipimo cha uwezo wa betri). Hii ndiyo ya bei ya chini kabisa.

Ya pili ni ndogo, inatumia AAA tatu, lumeni 300.

Ya tatu betri yake imefungiwa ndani, inachajiwa kwa USB-C, lumeni 500, na boksi linasema "saa 40".

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Lumeni ngapi zinatosha kweli? Betri ipi haitanizimikia kwenye baridi? Na nikague nini pale dukani kabla ya kutoa hela?

fundi_betri

Mkuu, anza na saa za giza, lumeni zitafuata zenyewe.

Meru mtaondoka kibanda cha Saddle Hut, karibu mita 3,570, kama saa saba au saa nane usiku, na mwanga wa kuona njia bila tochi unapatikana kwenye saa kumi na mbili. Hizo ni saa nne hadi tano. Lengai watu huanza mapema zaidi, saa tano au saa sita usiku, ili wawe juu kabla jua halijakolea. Hesabu saa saba. Sasa weka akiba: mtu anaweza kuumia, kundi linaweza kwenda polepole, mnaweza kugeuza kabla ya kilele mkashuka gizani. Mimi naweka saa kumi. Basi swali la kumuuliza muuzaji si lumeni ngapi, ni hili: tochi hii itanipa mwanga wa kutembelea kwa saa kumi, bila kunilazimisha kubadilisha betri zaidi ya mara moja?

Mwanga wa kutembelea ni lumeni 40 hadi 60 kwenye njia iliyokanyagwa. Kwenye miamba ya mteremko, kama ile ya Meru baada ya Rhino Point, panda hadi 100 au 150. Lumeni 300 utazihitaji kwa dakika chache tu, pale mnapotafuta njia imepita wapi. Anayetembea na 300 muda wote anamaliza betri kabla ya alfajiri, na macho yake hayaoni chochote nje ya duara la mwanga.

Sasa piga hesabu ya nishati, hiyo haidanganyiki. LED nzuri ndani ya tochi ya kawaida, ukishatoa kinachopotea kwenye lenzi na kwenye saketi, inakupa kama lumeni 100 kwa wati moja. AAA tatu za alkalaini zikiwa mpya zinakupa jumla ya wati-saa 3.5 hivi. Maana yake ni lumeni 50 kwa saa saba. Betri moja ya 18650 (ile ya lithiamu ya kuchaji, kubwa kuliko AA) yenye 3000 mAh: volti 3.6 mara ampea-saa 3 ni wati-saa 10.8, yaani lumeni 100 kwa karibu saa kumi. Boksi likikuahidi mwanga mwingi zaidi ya hapo kwa muda mrefu zaidi ya hapo, linakuuzia maandishi.

Ndiyo maana ile ya kwanza uiache. Lumeni 20,000 zingehitaji kama wati 200, na joto lake lisingevalika kichwani. Betri nazo: 18650 nzuri za kawaida zina kati ya 2600 na 3500 mAh. Hiyo 9900 haipo. Ukitaka uhakika ziweke kwenye mizani ya jikoni. 18650 ya kweli ina gramu 45 hadi 50. Ikiwa na 30 na kitu, ndani kuna uchache.

Kuhusu "saa 40": kuna kipimo kinaitwa ANSI FL1 ambacho watengenezaji wengi wanakifuata, na ndani yake muda huhesabiwa hadi mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Tochi iliyoanza na 500 inaendelea kuhesabiwa kuwa inawaka hata ikibaki 50. Tena saa 40 karibu kila mara ni za ngazi ya chini kabisa, lumeni tano au kumi, mwanga wa kutafutia soksi hemani. Umbali nao hupimwa hadi pale mwanga unapofikia luksi 0.25, sawa na mbalamwezi, kwa hiyo "mita 60" si mita 60 za kuliona jiwe lililolegea. Boksi la kuaminika linaorodhesha kila ngazi, lumeni zake na saa zake. Lenye namba moja kubwa tu, lirudishe rafuni.

Ukienda kwenye ile ya AAA, jua kwamba AAA si moja. Geuza betri usome msimbo mdogo:

R03 ni zinki na kaboni, zile za bei ndogo za kwenye redio na saa ya ukutani. Usizipeleke mlimani. Uwezo wake haufiki nusu ya alkalaini, na tochi ikizivuta kwa nguvu zinalegea mapema zaidi.

LR03 ni alkalaini. Zinafaa Lengai, ambako baridi si tatizo kubwa. Kwenye baridi kali hudhoofika sana, kwa sababu kemia yake ni ya maji na ukinzani wa ndani unapanda.

HR03 ni NiMH za kuchaji, volti 1.2, mAh 750 hadi 900. Kwenye baridi huhimili kuliko alkalaini. Chukua zile zinazotunza chaji. Za kawaida hupungua zenyewe zikikaa kabatini.

FR03 ni lithiamu zisizochajiwa. Hufanya kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, kila moja ni gramu saba na ushei wakati alkalaini ni kumi na moja hivi. Bei yake iko juu, lakini seti moja kwa usiku wa Meru ni hela iliyotumika vizuri. Soma kwanza maelezo ya tochi, maana FR03 ikiwa mpya volti yake iko juu kidogo na tochi nyingine zinakataza.

Kuna pia AAA za "volti 1.5" zenye tundu la USB ubavuni. Volti yake haishuki hadi mwisho, kisha zinakata ghafla. Tochi inazimika bila kufifia kwanza. Kwa njia ya ukingoni mwa kreta siwezi kumshauri mtu azitumie.

jicho_la_usiku

Fundi kamaliza betri, mimi niseme juu ya mwanga wenyewe.

Lenzi ya kuvuta siipendi kwa kutembea. Ukiivuta unapata mraba mkali wenye picha ya LED katikati, na nje ya mraba huo giza tupu. Macho yanaganda hapo na mguu unakanyaga usichokiona. Ukiirudisha mwanga unatawanyika vizuri, lakini ile sehemu inayoteleza haizibiki sawasawa. Kila ukivuta inanyonya hewa ndani, na hewa ya mlimani ina unyevu, ya Lengai ina majivu.

Unachotaka ni mwanga mpana usio na mipaka mikali, wenye kiini kidogo katikati. Ulenge mita tatu hadi tano mbele ya miguu. Kwa hiyo kiungo cha kuinamisha kichwa cha tochi lazima kiwe cha kukwama kwa hatua, kinacholia tik-tik, kisichoshuka chenyewe kila ukikanyaga kwa nguvu.

Taa ya kwenye paji la uso ina udhaifu wake: iko karibu na macho, kwa hiyo kivuli cha jiwe kinajificha nyuma ya jiwe lenyewe na ardhi inaonekana bapa. Ukishuka gizani, ivue uishike mkononi usawa wa kiuno, au uifunge kwenye mkanda wa begi kifuani. Ghafla utaona kila shimo na kila ngazi. Ufanye hivyohivyo ukungu ukiingia. Matone ya ukungu yanarudisha mwanga moja kwa moja machoni, na ukiongeza lumeni ndipo unapozidi kupofuka. Shusha mwanga, shusha na tochi. Kwenye baridi hata pumzi yako mwenyewe inafanya ukuta mweupe mbele ya paji.

Rangi ya mwanga: zile nyeupe za kibuluu zinafuta tofauti kati ya udongo, jiwe na mzizi. Tafuta iliyoandikwa kelvini 4000 hadi 5000. Kama boksi halisemi, washa na utazame kiganja chako. Ngozi ikionekana ya kijivu, mwanga huo ni wa kibuluu.

Taa nyekundu si pambo. Inakuwezesha kupanga begi ndani ya kibanda bila kuwaamsha wenzako wa vitanda vya jirani, na macho yako hayapotezi mazoea ya giza. Kutembelea miamba hapana.

Na mkiwa wanne kwenye mstari, wa nyuma asiwashe kwa nguvu. Mwanga wake unamrushia wa mbele kivuli chake mwenyewe pale hasa anapotaka kukanyaga. Acheni mita mbili tatu kati yenu, na anayegeuka kuzungumza ainamishe tochi kwanza.

usiku_wa_sirimon

Hamjambo. Natoa maoni nikitazama Mlima Kenya, lakini baridi ni ileile, pengine huku imezidi: wanaotoka kambi ya Shipton's, mita 4,200, huondoka saa nane au saa tisa usiku ili wafike Point Lenana, mita 4,985, jua likichomoza.

Sikubaliani na kuisukuma AAA mbele hivyo. Kwa bajeti hiyo, ndugu, tafuta tochi ya 18650 moja inayotoka, yenye tundu la kuchaji kwenye tochi yenyewe. Sofirn SP40 ni mfano wa aina hiyo, na zipo nyingine za umbo hilohilo la bomba dogo lililolala kwenye paji. Unapata karibu mara tatu ya nishati ya AAA tatu, betri ya akiba inaingia mfukoni, na huitupi baada ya usiku mmoja. Ukipanda mara kwa mara, gharama ya FR03 itapita bei ya tochi.

Ile yako ya tatu, yenye betri ya kufungiwa, ndiyo inayonitia wasiwasi. Ikiisha, imeisha. Utasema una pawabenki. Sawa, lakini tochi nyingine hazikubali kuwaka zikiwa kwenye chaji, na nyingine zinawaka ngazi ya chini tu. Tena betri ya lithiamu ya kuchaji haipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri: badala ya lithiamu kuingia ndani ya elektrodi inajipaka juu yake kama chuma, uwezo unapotea moja kwa moja na betri inaweza kuwa ya hatari. Kutumia kwenye baridi inakubali, kuchaji hapana. Kwa hiyo chaji chini kabla ya kupanda, au kibandani ikiwa tochi na pawabenki vimekwisha kupata joto ndani ya begi lako la kulalia.

Na lala na betri. Zote, za tochi na za akiba. Usiku wa kilele akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, chini ya koti. Betri iliyoonekana kufa kwenye baridi mara nyingi bado ina chaji. Ipashe kwapani robo saa kisha ijaribu tena kabla ya kuihukumu.

fundi_betri

Hoja ya 18650 naikubali kwa mtu atakayeitunza. Naomba tu aelezwe hatari zake, maana ni betri yenye nguvu ya kuchoma begi.

Usiibebe mfukoni na funguo au sarafu. Ncha zake mbili zikiguswa na chuma kimoja inamwaga umeme wote kwa mkupuo, inapata moto mara moja. Kijiboksi cha plastiki chenye mfuniko ni lazima.

Kabla ya kununua ya akiba, pima nafasi. 18650 tupu ina urefu wa milimita 65. Yenye saketi ya ulinzi kitakoni hufika 69 au 70, na kuna tochi haziingii hizo kabisa, na kuna tochi nyingine ambazo betri yenye bapa juu haigusi, zinataka yenye kinundu cha chanya. Nenda dukani na tochi, usiende na namba kichwani.

Nayo kanga ya plastiki inayofunika betri ikichanika, hasa karibu na ncha ya chanya, acha kuitumia hadi ivishwe nyingine. Mwili mzima wa betri hiyo ni hasi.

AAA naitetea kwa sababu moja kubwa: ninyi ni wanne. Mkikubaliana wote AAA, mna akiba ya pamoja. Yeyote akiishiwa anaazimwa tatu na safari inaendelea. Mkikubaliana wote 18650, vilevile. Kitu kibaya ni kila mmoja kuja na yake, mmoja AAA, mwingine AA, wa tatu ya kufungiwa. Zungumzeni kabla ya kununua.

mpanda_pole

Asanteni sana, nimepata mwanga kabla ya tochi yenyewe. Ile ya lumeni 20,000 nimeifuta. Kati ya wenzangu watatu, wawili tayari wana tochi za AAA tatu, kwa hiyo naelekea huko. Muuzaji amekubali nijaribu pale kaunta. Nifanye nini hasa? Na mjue mimi navaa kofia ya sufi na glovu nene.

kaunta_ya_vifaa

Nenda na betri zako mpya za LR03. Za kwenye boksi mara nyingi ni dhaifu, zitakudanganya. Kisha fanya hivi.

Vaa glovu kwanza. Washa, badilisha ngazi, zima. Kama kitufe hukipati au lazima ukitafute kwa kucha, hiyo si ya Meru.

Hesabu mibofyo kutoka mwanga wa kati hadi kuzima. Kuna tochi zinazokupitisha kwenye kumetameta kila ukitaka kubadilisha ngazi. Ukiwa kwenye mwamba na wenzako wako chini yako, huko ni kuwapofusha watu. Kumetameta kukae mahali pa kubofya kwa makusudi, kwa kushikilia kitufe mathalani.

Ijaribu kufuli. Tochi nyingi huwashwa ndani ya begi na kitu kilichokandamiza kitufe, mtu anafika kambini betri imekwisha. Nzuri zina kufuli ya kushikilia kitufe sekunde kadhaa. Isiyo nayo, toa betri moja kabla ya kuipakia, lakini hakikisha unakumbuka kuirudisha ungali kwenye mwanga.

Fungua na ufunge kifuniko cha betri mara kadhaa ukiwa umefumba macho. Ndivyo utakavyofanya usiku, na vidole vimekufa ganzi. Angalia kama alama za chanya na hasi zinapapasika au zimechorwa tu, na kama kifuniko kinashikiliwa na kijiulimi chembamba cha plastiki. Kijiulimi hicho ndicho kinachokatika kwanza, na baridi inakifanya kiwe kigumu na chepesi kuvunjika.

Ipige kiganjani mara tatu ikiwa imewaka. Ikipepesa, springi za betri ni laini. Itakuwa inazimika kila ukiruka jiwe.

Washa ngazi ya chini, ielekeze ukutani, tazama kupitia kamera ya simu. Mistari myeusi ikitambaa kwenye picha, mwanga unapunguzwa kwa kukatwakatwa. Yenye mistari mipana inachosha macho ukitembea saa tano. Si sababu ya kuikataa kabisa, ila kati ya mbili zinazolingana chukua isiyo na mistari.

Mkanda uuvae juu ya kofia ya sufi, kisha tikisa kichwa. Usiteleze, usibane hadi kuumiza paji. Tochi ya AAA tatu huwa chini ya gramu 100, mkanda mmoja unatosha. Ukipita gramu 150 dai mkanda wa pili wa juu ya utosi.

Angalia alama ya maji. IPX4 maana yake inavumilia marasharasha kutoka kila upande, na kwa Septemba inatosha. IPX7 ni kuzamishwa mita moja kwa nusu saa, nzuri lakini usiilipie ziada.

Kwa anayesoma hapa na anataka ya USB-C: nenda na waya wa C kwa C na wa A kwa C, jaribu zote mbili. Tochi nyingi za bei ndogo zimewekewa tundu la C bila vile vikinzani viwili vya kilo-omu 5.1 vinavyoijulisha chaja itoe umeme. Kwa waya wa A kwa C zinachaji, kwa C kwa C zinakaa kimya, na mtu anadhani tochi imeharibika.

Ukifika nyumbani, jaribio la mwisho linafanyika kwenye friza. Betri zikae saa mbili ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, zitoe, zifute, zitie kwenye tochi na uwashe ngazi unayotaka kutembelea. Friza ya nyumbani ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi kuliko mnachotarajia Meru. Piga picha ya ukuta uleule kila nusu saa, kamera ikiwa kwenye mpangilio uliofungwa, isijirekebishe mwanga. Picha zitakuonyesha tochi inafifia kidogo kidogo tangu mwanzo, au inashikilia mwanga uleule kisha inashuka ngazi. Zote mbili zinatumika, ila ukijua tabia yake utajua lini ubadilishe betri: fanya hivyo mkiwa kwenye mapumziko yaliyopangwa, mahali tambarare, mwenzako akikumulikia, usingoje izimike.

usiku_wa_sirimon

Nimeona umechagua AAA kwa ajili ya kundi, ni uamuzi wa busara. Petzl Tikkina na Black Diamond Astro ni mifano ya daraja hilo, zote AAA tatu. Mpya zinaweza kupita bajeti yako, kwa hiyo ulizia iliyotumika Moshi au Arusha: wageni wengi huwaachia wapagazi na waongozaji vifaa baada ya safari, na maduka ya kukodisha vifaa huko yana tochi pia. Kwenye iliyotumika fungua chumba cha betri kabla ya kitu kingine. Ukiona unga mweupe au ukijani kwenye springi, betri zilivujia humo. Ukiwa kidogo husafishika kwa pamba na tone la siki kisha kukaushwa kabisa. Springi ikiwa imeliwa hadi kuwa nyembamba, iache.

mpanda_pole

Nimeelewa. Swali la mwisho, Lengai. Nasikia majivu yanaingia kila mahali. Kuna la ziada?

jicho_la_usiku

Lipo. Majivu ya pale ni laini, na yanakwaruza. Usifute lenzi kwa kidole wala kwa shati. Puliza, kisha gusa kwa kitambaa chenye maji. Betri badilisha kabla ya kuanza kupanda hata kama za zamani bado zina chaji, zile za zamani ziwe akiba. Usipange kufungua kifuniko katikati ya mteremko, kwa sababu chembe zikikaa kwenye ukingo wa mpira hakifungi tena sawasawa, na kule juu mteremko ni mkali kiasi kwamba betri ikikuponyoka huioni tena.

Mwanga wa kati utawatosha karibu njia nzima, hakuna miti ya kuwazuia kuona. Buff au kitambaa vaeni puani, maana kundi la watu wanne likitembea kwenye majivu makavu linatimua vumbi, na vumbi mbele ya tochi linafanya kama ukungu. Hapo ndipo ile hila ya kushusha tochi kiunoni itakusaidia tena, ukiwa wa pili au wa tatu kwenye mstari.

Mkirudi toa betri zote tatu kabla ya kuiweka kabatini, na usichanganye hizo zilizotumika na mpya. Iliyo dhaifu ikilazimishwa na mpya mbili hugeuzwa nguzo, na hapo ndipo alkalaini huvuja.